Redio ya Gari Inapopanda Kitonga

Magari mengi madogo yanayopanda mlima Kitonga kuelekea Iringa na Mbeya yalitengenezewa barabara za Japani. IST, Noah, Probox, Spacio na Harrier hushuka bandarini Dar es Salaam zikiwa na usukani upande wetu, injini ambazo mafundi wetu wanazijua na spea zinazopatikana mpaka Mwanjelwa, Mbeya. Kifaa kimoja tu ndani ya gari hakijui kwamba kimehamia Tanzania: redio. Mwenye gari anapandisha namba taratibu, anafika 90.0, na badala ya kwenda 90.1 redio inarudi 76.0. Stesheni anazozipenda ziko juu ya hapo, na redio yake haifiki.

Ndipo safari ya kutafuta redio nyingine inapoanza. Dukani anakutana na vioo vikubwa vinavyong'aa, maandishi ya wati yanayotisha na muuzaji anayeapa kwamba hii ndiyo yenyewe. Maswali ya msingi, hata hivyo, ni matatu, na hakuna hata moja linalohusu ukubwa wa kioo: redio inasikia masafa gani, antena inaifikishia nini, na waya zimeungwaje.

Kwa nini Japani ilitengana na dunia

Tanzania, kama nchi nyingi, hutangaza FM kati ya megahezi 87.5 na 108. Japani ilijichagulia 76 hadi 90. Sababu ni televisheni: masafa ya 90 hadi 108 yalikuwa yamegawiwa chaneli za kwanza tatu za televisheni ya analojia, kwa hiyo redio ilibanwa chini yake. Analojia ilizimwa sehemu kubwa ya nchi hiyo Julai 2011, na kuanzia 2014 stesheni za Japani zikaanza kuingia kwenye nafasi ya 90 hadi 95. Ndiyo maana baadhi ya magari ya miaka ya karibuni yanafika 95, huku ya zamani yakigota 90.

Kwa msikilizaji wa Nyanda za Juu Kusini, maana yake ni hii: redio ya zamani ya Kijapani inashika kipande kidogo tu cha FM yetu, kuanzia 87.5 hadi 90. Stesheni iliyobahatika kupewa namba ndani ya kipande hicho inasikika bila kugusa chochote. Zilizobaki, redio hiyo haina habari nazo.

Ekspanda na hesabu yake

Dawa ya bei nafuu ni ekspanda, kijiboksi kinachowekwa kati ya waya wa antena na redio. Ndani yake kuna saketi inayozalisha wimbi lake na kulichanganya na mawimbi yanayoingia, na matokeo yake ni stesheni kushushwa kwa kiasi maalumu. Ekspanda ya megahezi 18 huishusha stesheni ya 100.5 ikaonekana kwenye 82.5. Dereva anajifunza kutoa 18 kichwani, na maisha yanaendelea.

Lakini hesabu ina ukuta. Redio ya Kijapani ya 76 hadi 90 ina upana wa megahezi 14. FM yetu ina upana wa 20.5. Ukitumia ekspanda ya 18 unapata 94 hadi 108, na kipande cha 90 hadi 94 kinapotea. Ukitumia ya 12 unapata 88 hadi 102, na kila kilicho juu ya 102 kinapotea. Hakuna ekspanda ya namna hiyo inayoweza kuijaza FM yote kwa mara moja.

Tatizo la pili ni mgongano. Ekspanda nyingi za bei nafuu huruhusu mawimbi ya asili yapenye pia. Kwa ekspanda ya 18, stesheni ya 106.0 inashushwa hadi 88.0, na pale pale inaikuta stesheni halisi ya 88.0 kama ipo karibu. Aidha, kila saketi inayoongezwa njiani huongeza mkwaruzo wake. Mjini, karibu na mnara, huusikii. Ukiwa kati ya Igawa na Chimala, mnara ukiwa mbali, ndipo unapoujua.

Ekspanda inamtosha mtu wa kuzunguka Kabwe, Soweto na Uyole jijini Mbeya mwenye stesheni zake mbili tatu. Anayesafiri kati ya Iringa na Mbeya afadhali abadilishe redio. Naye anayetumia kile kifaa cha kuchomeka kwenye tundu la sigara, kinachorusha nyimbo za simu kwenda kwenye redio, hahitaji ekspanda hata kidogo: akiweke kati ya 87.5 na 90, redio ya Kijapani itakisikia.

Milima inatoa na kunyima

Mawimbi ya FM husafiri karibu na mstari ulionyooka. Hayapindi sana kufuata mgongo wa dunia wala hayapenyi jabali. Kuna kanuni fupi ya kukadiria yanakofika: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya gari, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Mnara wa mita 100 juu ya ardhi tambarare, na antena ya gari iliyo mita 2 kutoka chini, hupeana kilomita 47 hivi. Ukiinua antena ya kurushia hadi mita 900 juu ya barabara, zinakuwa kama 129.

Hapo ndipo jiografia ya Mbeya inapoonekana. Jiji limelala kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Loleza kinachoinama juu yake kinapita mita 2,600. Kilele hicho kina minara ya mawasiliano, na haikupelekwa huko kutazama mandhari. Lakini mlima huo huo unaomsaidia mkazi wa upande mmoja unamtilia kivuli aliye upande wa pili. Ukielekea Tukuyu, Rungwe inayokaribia mita 3,000 nayo ina yake ya kusema.

Iringa ina fumbo jingine. Mji uko juu ya mwinuko, na barabara kuu inapita chini, Ipogolo, kando ya Ruaha Mdogo. Gari linaweza kuwa kilomita chache tu kutoka mjini na bado lishike vibaya kuliko lile lililo mbali zaidi lakini mahali palipoinuka. Ebony FM ya Iringa na Bomba FM ya Mbeya haziwezi kuulizwa kwa nini zinakatika bondeni. Wa kuulizwa ni bonde.

Kitonga ni somo la peke yake. Kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, kuta za miamba hurudisha mawimbi kama zinavyorudisha mlio wa honi. Antena inapokea wimbi la moja kwa moja pamoja na lile lililogonga mwamba na kuchelewa. Mahali pengine yanajumlishana, hatua chache mbele yanafutana. Kwa stesheni ya megahezi 100, urefu wa wimbi ni mita 3, na umbali kati ya sehemu moja mbovu na nyingine unaweza kuwa mita 1.5. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita sehemu kama hizo mara 11 kwa sekunde. Ndiyo ile sauti ya kukatika-katika inayowafanya watu waipige redio kofi. Redio haina kosa.

Waya wa bluu

Antena nzuri ya FM ina urefu wa robo ya wimbi, yaani kama sentimita 75. Magari ya sasa hayana fimbo hiyo. Yana kijipezi juu ya paa au nyuzi nyembamba kwenye kioo. Kwa kuwa antena hizo ni fupi au dhaifu, mtengenezaji huongeza kikuza-mawimbi kidogo kinachohitaji umeme, na umeme huo hutoka kwenye redio.

Redio nyingi zinazouzwa madukani zina waya wa bluu, au wa bluu wenye mstari mweupe, kwa kazi hiyo. Fundi mwenye haraka huuona hauna pa kwenda, huufunga na selotepu na kuusukuma nyuma ya dashibodi. Kikuza-mawimbi kinabaki kimezimika, redio mpya inashika stesheni chache kuliko ya zamani, na lawama zinakwenda kwa Wachina. Kabla hujairudisha redio dukani, uliza waya wa bluu umeungwa wapi. Kisha chomoa chaja ya simu kwenye tundu la sigara: chaja za bei rahisi na baadhi ya taa za LED humwaga kelele za umeme ambazo FM huzisikia vizuri sana.

Ukishawasha, ingia kwenye mipangilio na uchague eneo la Ulaya, si Marekani. Marekani huruka kwa megahezi 0.2 na kutua kwenye namba za witiri tu, kwa hiyo stesheni ya 88.2 hutaipata sawasawa. Pia redio iliyowekwa Kimarekani hupunguza sauti nyembamba kwa kipimo cha mikrosekunde 75, wakati matangazo ya huku yameandaliwa kwa 50. Sauti hutoka imefifia, na watu hudhani spika zimekufa.

Wati 50 mara nne

Karibu kila boksi limeandikwa "50W x 4". Fizikia haikubali kirahisi. Gari likiwa linaunguruma, umeme wake ni kama volti 14.4. Spika ya kawaida ina ukinzani wa omu 4. Wimbi safi la sauti linalofika kilele cha 14.4 hutoa 14.4 mara 14.4 gawanya kwa 8, yaani wati 26. Ukiondoa kinachopotea ndani ya saketi, unabaki na 18 hadi 22. Je, 50 inatoka wapi? Gawanya kwa 4 badala ya 8: unapata 52. Hiyo ni nguvu ya redio iliyofunguliwa hadi wimbi limekatwa kichwa na kuwa na pembe za mraba. Ni sauti iliyochanika, na ndiyo inayounguza twita.

Habari njema ni kwamba sikio halihesabu kama muuzaji. Kuongeza nguvu mara mbili huleta desibeli 3 tu, tofauti ndogo inayosikika. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara 10. Spika yenye kipimo cha desibeli 90 ikilinganishwa na ya 87 inakupa faida ile ile ya kununua redio yenye nguvu mara mbili. Kwa hiyo spika bora na milango iliyozibwa vizuri isitikisike ni matumizi mazuri ya pesa kuliko namba kubwa kwenye boksi.

Masikio nayo yana bajeti. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwenye 90, saa hizo zinabaki 4. Dereva wa Noah ya abiria anayefungulia sabufa kutwa nzima anaimaliza bajeti ya wiki kabla ya Jumatatu kwisha, na kinachoondoka hakirudi.

Betri, baridi na kufuli

Redio ina nyaya mbili za moto. Wa njano unatoka betri moja kwa moja na kutunza kumbukumbu. Mwekundu unawaka kwa ufunguo. Fundi akiziunga zote mbili kwenye moto wa kudumu, redio hailali. Ikivuta nusu ampea gari likiwa limeegeshwa, kwa siku moja ni ampea-saa 12. Betri ya ampea-saa 45 itakuwa imemaliza zaidi ya nusu kwa siku mbili. Kwa joto la Dar es Salaam gari linaweza kuwaka bado. Mafinga au Makete, asubuhi ya Julai, baridi imeshapunguza nguvu ya betri na kuyafanya mafuta ya injini kuwa mazito, haliwaki.

Betri ikifa au ikichomolewa, redio nyingi za asili za Toyota hujifunga na kuomba kadi ya ramani au namba ya siri, kwa Kijapani. Kadi mara nyingi ilibaki huko huko. Mwambie fundi ashikize betri ya pili kabla hajafungua ya kwanza.

Vipimo navyo viangalie. Nafasi ya redio kwenye Toyota nyingi za Japani ina upana wa milimita 200, ilhali redio nyingi za madukani zina karibu 180. Pengo lina vipande vyake maalumu vya kuzibia. Kadibodi na gundi vitaanza kulia kabla hujafika Makambako. Usimruhusu fundi audanganye waya wa breki ya mkono ili video ionekane gari likitembea: kwa mwendo wa 80, sekunde mbili za kutazama kioo ni mita 44 ambazo hakuna aliyetazama barabara.

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua redio ya kawaida yenye FM kamili, soketi inayoingia bila kukata nyaya za gari, na muda wa fundi mtulivu. Ukibakiwa na chenji, weka kwenye spika za mbele. Na kabla ya kulipa, redio ikiwa tayari ndani ya gari lako na injini ikiunguruma, tafuta stesheni moja chini ya 90, moja katikati na moja karibu na 108. Zima, toa ufunguo, washa tena. Kama zote tatu zimekumbukwa na zinasikika safi, lipa. Kama sivyo, fundi hajamaliza kazi.