Kipupwe Goweko: Tupande Treni Twende Ziwani

Ikifika Juni, Goweko inageuka. Upepo wa mashariki unavuma tangu alfajiri, nyasi zinakauka, na usiku joto linashuka hadi karibu nyuzi 15. Mtu wa Makete atashangaa tukiita hiyo baridi, lakini kwetu inatosha kutoa makoti sandukuni na kuwaweka wazee karibu na jiko la mkaa. Porini miyombo na mitundu inaanza kugeuka njano na kupukutisha majani, na kuelekea Septemba machipukizi mekundu yatatokeza hata kabla ya tone la mvua.

Msimu huu wengi wetu tunauhesabu kuwa wa kukaa nyumbani. Mavuno yako ghalani, tumbaku iko sokoni, kilimo bado. Wazee wetu wa karne ya 19 waliuona tofauti kabisa. Kwao kipupwe ndicho kilikuwa msimu wa safari. Wapagazi wa Kinyamwezi walivuna, wakafunga mizigo, wakateremka Pwani wakati njia zimekauka na mito inavukika kwa miguu, wakikusudia mvua za kwanza ziwakute wamesharudi shambani. Kijana aliyekwisha kufika Pwani aliheshimika kuliko mwenzake aliyebaki. Njia yenyewe ilipita ukanda wetu huu: kutoka Ugogo unavuka Mgunda Mkali, pori lililoogopwa kwa kiu, unatokea Tura, kisha Rubuga na Kigwa, hadi Unyanyembe. Henry Morton Stanley naye aliifuata, akaingia Kwihara, huko huko Unyanyembe, Juni 1871, kipupwe kikiwa kimekolea. Misafara hiyo ilibeba pembe za ndovu, na mingine iliswaga watumwa, na machungu hayo hayafai kusahauliwa. Lakini moyo ule wa kuondoka nyumbani jua likiwa pole na kwenda kuona nchi ulikuwa wetu, na mimi naona tumeuacha upotee.

Siku hizi tunasafiri tukiitwa na msiba, harusi au hospitali. Kutembea kwa ajili ya kutembea tumewaachia wageni. Na hao wageni wanavuka bahari kuja kuliona Ziwa Tanganyika, ziwa la pili duniani kwa kina, lenye takribani mita 1,470 kutoka juu hadi chini, wakati sisi reli ya kwendea huko inapita mlangoni petu.

Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mtoto wa Goweko alijue. Meli kongwe ya ziwa hilo, MV Liemba, ilipita hapa hapa kijijini kwetu ikiwa vipande vipande. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa, ikapakiwa katika maelfu ya masanduku, ikashushwa Dar es Salaam na kupandishwa treni hadi Kigoma. Huko mafundi waliiunga upya, ribiti kwa ribiti, na Februari 1915 ikaingia majini. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini kwanza wakaipaka mitambo yake grisi nzito. Grisi ile ilifanya kazi: Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta bado inafaa kutengenezwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Nasema ilipita hapa kijijini kwa sababu hakuna njia nyingine ya reli ambayo masanduku yale yangeweza kupita.

Kutoka Tabora hadi Kigoma ni kama kilomita 400, na treni haina haraka. Mimi nahesabu mwendo huo kuwa nusu ya starehe. Beba blanketi, maana upepo wa usiku unapenya kila dirisha lisilofunga sawasawa, na beba matobolwa na karanga za kutafuna. Utapita Urambo na Kaliua, utavuka Malagarasi, utafika Uvinza ya chumvi, kisha vilima vitaanza kukusogelea.

Ukishafika Kigoma, usiishie mjini. Nenda Kibirizi, ufukweni, zinakofungwa boti za mbao ziendazo vijiji vya kaskazini. Magunia, madumu, baiskeli, kuku na abiria, vyote vinapanda pamoja, na kila mtu anatafuta ubao wa kukalia. Dai jaketi okozi na ulivae, usilikalie. Kipupwe upepo wa ziwa unatoka kusini: mnapokwenda kaskazini unawasukuma mgongoni na safari inakuwa laini, mnaporudi unawapiga usoni, mawimbi yanavunjika kwenye omo na maji ya baridi yanawarukia walioketi mbele. Mwenye mtoto akae katikati, amfunike vizuri.

Shuka Gombe. Jane Goodall alifika hapo kwa boti kutoka Kigoma tarehe 14 Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26 na akifuatana na mama yake mzazi, akaanza kuwafuatilia sokwe mtu. Ni humo alimoona sokwe akichomeka bua kwenye kichuguu kutoa mchwa, na wanasayansi waliosema binadamu peke yake ndiye hutengeneza zana wakalazimika kufikiri upya. Goodall alifariki Oktoba 2025. Hifadhi bado ipo, na Mtanzania analipa kiingilio kidogo mno kuliko mgeni.

Kama unaweza kuchagua tarehe, mimi ningesubiri ipite 15 Agosti. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ziwa likishafunguliwa, usiku usio na mbalamwezi taa za wavuvi zinatapakaa majini, na asubuhi yake mgebuka na dagaa wabichi wanashushwa mwaloni. Baridi ya mwisho wa Agosti nayo imeshalegea.

Shule za Uyui zinapopanga ziara zake za mafunzo, nazisihi ziifikirie njia hii. Watoto wasome habari za Liemba darasani kwanza, halafu wapandie treni hapa hapa Goweko.