Kura Iliyonunuliwa

"Penye udhia penyeza rupia," husema watu wa pwani. Methali hii yaonyesha desturi ya kale ya wanadamu, wala si ya nchi moja tu. Hata Uingereza, ambayo Bunge lake lasifiwa kwa ukale wake, iliteswa na rushwa miaka mingi.

Rushwa ni mali apewayo mtu mwenye amana ya watu wote, ili aitumie kwa faida ya mtoaji. Hakimu ameaminiwa hukumu, karani ameaminiwa vyeti, naye mpiga kura ameaminiwa kuchagua. Kila mmoja wao aweza kuuza kisicho chake.

Zamani katika Uingereza wanaume wachache tu, hasa wenye mali, ndio waliokuwa na ruhusa ya kupiga kura. Siku ya uchaguzi kila mmoja alipanda jukwaani, akalitaja jina la mtu amtakaye mbele ya watu wote, na karani akaliandika kitabuni. Basi aliyetoa fedha aliweza kujua kama amepata alichokinunua. Naye mwenye shamba alijua ni mpangaji yupi aliyemkaidi. Tena palikuwa na mahali kama Old Sarum, ambapo karibu hapakukaa mtu, lakini hata mwaka 1832 palipeleka wajumbe wawili Bungeni, kwa amri ya mwenye ardhi.

Mara nyingi mgombea mwenyewe hakutoa fedha kwa mkono wake. Aliweka mawakala, nao waliwaalika wapiga kura katika nyumba za pombe, wakala na kunywa bure. Wengine walilipwa mshahara kwa kazi isiyo kazi, kama kuchukua bendera. Hivyo rushwa ilivikwa nguo safi, ikaitwa karamu au ujira.

Madhara yake yalionekana baadaye. Mtu aliyenunua kiti hutaka kurudishiwa gharama zake. Kwa hiyo wengi walitafuta vyeo na malipo ya serikali kwa ajili yao na jamaa zao. Nao waliouza kura hawakuwa na neno la kumdai, kwa maana alikwisha kuwalipa.

Mwaka 1872 ilitolewa sheria ya kura ya siri: mtu atie alama katika karatasi, aitumbukize sandukuni. Hata hivyo rushwa haikufa mara moja. Mwaka 1880, katika mji wa Sandwich, mamia ya watu walipokea fedha, na wengine walizipokea kwa pande zote mbili. Baada ya uchunguzi, mji ule ulinyang'anywa haki ya kupeleka mjumbe wake. Kisha sheria ya mwaka 1883 iliweka mpaka wa fedha ambazo mgombea aweza kutumia, ikaamuru kwamba wakala wake akitoa rushwa, mgombea aweza kupoteza kiti. Tangu hapo biashara ile ilipungua sana, kwa sababu mnunuzi hakuweza tena kuona alichokinunua, na hatari ilizidi faida.

Fedha ya kura huliwa kwa siku moja, bali mjumbe aliyechaguliwa kwayo hutunga sheria kwa miaka. Aliyeuza kura yake hakuuza siku moja. Ameuza miaka ile yote, na pamoja nayo haki ya jirani yake asiyepokea kitu.