Kioo cha Laptopu: Kimo Kabla ya Inchi

Mnunuzi wa laptopu, awe Kariakoo au kwenye maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, hukutana mapema na swali la inchi. Anayetaka mashine ya kuandikia barua, kupigia hesabu za biashara na kutazamia mpira huambiwa 14 inamtosha. Anayesema atahariri na video huelekezwa kwenye 15.6, pengine hata 17.3, kwa maelezo kwamba kuhariri kunataka nafasi. Ni kweli kunataka nafasi, lakini inchi hazipimi nafasi. Hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe ya juu ya upande mmoja hadi pembe ya chini ya upande wa pili, na mshazari huohuo unaweza kuwa wa vioo vyenye maumbo tofauti kabisa. Ninachotetea hapa ni kwamba mtu mwenye laptopu moja ya kufanyia kazi zote aangalie kwanza kimo cha kioo, kisha idadi ya pikseli, kisha rangi, na inchi azitazame mwishoni. Akifuata utaratibu huo, mara nyingi atajikuta ameshika laptopu ya inchi 14.

Hesabu yenyewe ni fupi. Laptopu ya inchi 15.6, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ndiyo ya kawaida nyumbani na ofisini, ina kioo cha umbo la 16 kwa 9, umbo la televisheni. Upana wake ni sentimita 34.5 na kimo chake 19.4. Laptopu ya inchi 14 yenye umbo la 16 kwa 10 ina upana wa sentimita 30.2 na kimo cha 18.8. Kwenye kibandiko zimepishana kwa inchi moja na nusu na zaidi; kwa kimo zimepishana milimita sita tu. Kioo cha inchi 16 chenye umbo hilohilo la 16 kwa 10 kina upana uleule wa sentimita 34.5, lakini kimo chake kimefika 21.5, kwa hiyo nyongeza ya inchi 0.4 imeleta sentimita mbili nzima, zote za kimo. Na Surface Laptop ya inchi 13.5, ambayo Microsoft waliipa umbo la 3 kwa 2, ina kimo cha sentimita 19.0, karibu sawa na ile kubwa ya 15.6. Fundi cherehani akitajiwa urefu wa kitambaa bila upana wake hawezi kusema kama kitatoa gauni au la. Mnunuzi aliyetajiwa inchi bila umbo yuko palepale.

Kimo kina uzito huo kwa sababu kazi karibu zote za laptopu hushuka kwenda chini. Waraka husomwa kwa kushuka, ukurasa wa intaneti hushuka, jedwali la mauzo huongezewa mistari kwa chini. Wakati huohuo programu zinakimega kimo hichohicho: ukanda wa Windows uko chini, vichupo na sanduku la anwani viko juu, na Word ina mkanda wake mpana wa vitufe. Upana hauguswi. Umbo la 16 kwa 9 lilienea kwenye laptopu kuanzia karibu mwaka 2010 kwa kufuata televisheni, na linafaa sana kutazama filamu; kwa kuandika na kusoma lilikuwa hatua ya kurudi nyuma. Apple hawakuliacha umbo la 16 kwa 10 kwenye MacBook Pro zao, Dell walilirudisha kwenye XPS 13 mwaka 2020, na sasa watengenezaji wengi wamelifuata.

Katika kuhariri video, kugombania kimo kunakuwa kukali zaidi. Premiere Pro, DaVinci Resolve na CapCut zote huweka dirisha la kutazamia juu na taimulaini chini, na taimulaini nayo hupangwa tabaka juu ya tabaka: picha, maandishi, sauti ya mzungumzaji, muziki. Tuseme nusu ya kimo cha kioo imebaki kwa ajili ya dirisha la kutazamia. Katika laptopu ya 15.6 hiyo ni sentimita 9.7. Video ya mlalo itakaa humo vizuri, lakini video ya wima, ile ya TikTok, Reels na Shorts ambayo sasa ni sehemu kubwa ya kazi za wahariri wadogo, itakuwa na upana wa sentimita 5.5, mwembamba kuliko simu atakayoitumia mtazamaji. Mhariri anafanya kazi kwenye picha ndogo kuliko ya mteja wake, huku sehemu kubwa ya kioo pembeni ikibaki nyeusi. Upana aliolipia haumsaidii lolote. Kila milimita ya kimo ingemsaidia.

Baada ya kimo zinakuja pikseli, na hapa soko la kompyuta zilizotumika linahitaji macho makali. ThinkPad T480 na HP EliteBook 840 G3, zote za inchi 14 na zote zinaonekana sana katika maduka ya laptopu zilizotumika, zilitoka kiwandani na vioo vya aina zaidi ya moja. Kuna zenye pikseli 1366 kwa 768 na kuna zenye 1920 kwa 1080. Jina ni moja, inchi ni zilezile, na kwa nje huwezi kuzitofautisha, lakini ya pili ina pikseli karibu mara mbili ya ya kwanza. Kwenye ya kwanza, programu ya kuhariri hujaza kioo kwa vitufe vyake hata taimulaini ikabakiwa na ukanda mwembamba. Adobe wenyewe, wanapoeleza mahitaji ya Premiere Pro, hupendekeza 1920 kwa 1080 au zaidi. Laptopu ya 768 naiona kuwa haifai kwa video, hata ikiwa ya inchi 17.

Windows nayo ina tabia ya kukuza maandishi ili yasomeke, na ukuzaji huo hula nafasi. Kioo cha 1920 kwa 1080 kikikuzwa kwa asilimia 150 hubaki na nafasi ya kufanyia kazi sawa na pikseli 1280 kwa 720. Kioo cha inchi 14 chenye 1920 kwa 1200 kikikuzwa kwa asilimia 125 hubaki na 1536 kwa 960, na nafasi hiyo ni zaidi ya mara moja na nusu ya ile. Ndiyo maana laptopu ndogo inaweza kuonyesha mistari mingi zaidi ya taimulaini kuliko kubwa. Je, maandishi hayatakuwa madogo mno? Jicho zima, kwa umbali wa sentimita 50, hutenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban milimita 0.15. Pikseli ya kioo hicho cha inchi 14 ina upana wa karibu milimita 0.16, kwa hiyo iko kwenye ukingo wa uwezo wa jicho: herufi zina ncha safi, na hakuna pikseli inayopotea bure. Kwenye kioo cha 15.6 chenye 1366 kwa 768, pikseli ni milimita 0.25, na jicho huziona kama chembechembe.

Kutokana na hesabu hiyohiyo tunaweza kuwajibu wanaosema kwamba anayehariri video za 4K lazima awe na kioo cha 4K. Kwenye kioo cha 4K cha inchi 15.6, pikseli ina milimita 0.09, ndogo kuliko jicho linavyoweza kutenganisha kwa umbali wa kawaida. Kioo hicho kina pikseli zaidi ya milioni nane, mara nne ya 1920 kwa 1080, na kuzihudumia zote kunamaliza betri mapema. Isitoshe, wakati wa kuhariri, video haijazi kioo. Imekaa ndani ya dirisha lake. Ubora wa faili la mwisho unatoka kwenye faili zilizopigwa na kamera na jinsi unavyozitoa, hautoki kwenye kioo. Ukitaka kukagua kama picha imelengwa sawasawa, ikuze ndani ya programu hadi asilimia 100, uone kila pikseli hata kwenye kioo cha kawaida.

Jambo la rangi ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu madhara yake huonekana kazi ikishafika kwa mteja. Laptopu nyingi za bei ya chini huandikiwa "45% NTSC" katika maelezo yake. Maana yake ni kwamba kioo hakifiki hata theluthi mbili za rangi za sRGB, kipimo kilichowekwa na HP na Microsoft mwaka 1996, ambacho rangi zake za msingi ni zilezile za Rec. 709, kipimo cha video za HD. Kinachopungua sana kwenye vioo hivi ni wekundu. Sasa fikiria ngozi yetu. Uso wa Mwafrika kwenye picha unajengwa na hudhurungi, machungwa na wekundu wa ndani, na hayo ndiyo maeneo ambayo kioo hafifu hufifisha. Mhariri wa video ya harusi anaona bibi harusi amepauka, anaongeza nguvu ya rangi hadi uso unampendeza kwenye laptopu yake, anatuma. Kwenye simu ya familia, ambayo mara nyingi ina kioo bora kuliko laptopu hiyo, uso umekuwa mwekundu kama uliopakwa. Hakukosea kwa uzembe. Kioo kilimdanganya, na hakuna ukubwa wa kioo unaoweza kulirekebisha hilo.

Kuna hata hali ambapo ukubwa huzidisha tatizo. Vioo vya aina ya TN hubadilisha mwanga kadiri jicho linavyohama juu au chini, na kinachobadilika kwa haraka ni maeneo ya giza: nywele, suti nyeusi, ngozi iliyo kivulini. Kadiri kioo kinavyokuwa na kimo zaidi, ndivyo jicho lililotulia mahali pamoja linavyokitazama kwa pembe tofauti juu na chini, hata kivuli kilekile kikaonekana cha aina mbili kwenye picha moja. Kioo cha IPS hakina ugonjwa huo kwa kiasi cha kusumbua. OLED ina weusi wa kweli na rangi nyingi, ila vitufe vinavyokaa mahali pamoja saa nyingi kila siku vinaweza kuacha alama baada ya muda. Ukiwa na kiasi fulani cha fedha, na mbele yako kuna 15.6 ya TN na 14 ya IPS inayofikia karibu asilimia 100 za sRGB, chukua ya pili bila kusita.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linahusu joto. Mwili mkubwa una nafasi ya feni kubwa, betri kubwa na kadi ya michoro yenye nguvu, na laptopu nyembamba ya inchi 14 inaweza kupunguza kasi yake inapotoa video ya dakika 40. Hili ni kweli, na anayetoa video ndefu kila siku kama kazi yake ya kulipwa aelekee inchi 16 ya 16 kwa 10. Ila ajue kwamba anachonunua ni mwili wa mashine. Kioo kimefuata tu. Mtu anayeshona video za dakika tatu jioni baada ya kazi ya ofisi hahitaji kubeba kilo mbili na nusu kwenye daladala kwa ajili ya dakika chache za kusubiri. Laptopu nyingi za inchi 14 zina kilo 1.3 hadi 1.6, na tofauti hiyo bega linaijua.

Pingamizi la macho nalikubali bila masharti. Aliyevuka miaka 40 na kuanza kushika gazeti mbali atalazimika kukuza maandishi hadi asilimia 150 au zaidi, na faida niliyoieleza ya inchi 14 itayeyuka. Kwake, inchi 16 ni hitaji halisi. Pedi ya namba, ambayo wengine huitaja kama sababu ya kuchukua laptopu kubwa, ni jambo dogo: mhasibu ataipenda, lakini kwa wengine inasogeza kibodi kushoto na kuwakalisha upande mchana kutwa.

Kwa anayehisi 14 itambana anapohariri nyumbani, jibu ni monita. Monita ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53 na kimo cha 30, eneo linalozidi mara mbili lile la laptopu ya 15.6, na zilizotoka maofisini huuzwa kwa bei ndogo katika maduka yaleyale ya laptopu zilizotumika. Taimulaini inahamia huko, laptopu inabaki na dirisha la kutazamia. Umeme ukikatika monita itazima, lakini kazi iko kwenye laptopu na betri yake, haipotei. Mpango huu hauwasaidii wasio na meza ya kudumu: mwanafunzi wa bweni, mwandishi wa habari anayehariri garini, mpiga video anayemaliza kazi ukumbini. Hao waende kwenye 16 moja kwa moja.

Dukani, kabla ya kutoa pesa, fungua mipangilio ya skrini usome idadi ya pikseli kwa macho yako, kwa kuwa kibandiko huenda ni cha mashine nyingine. Pima kimo cha kioo chenyewe kwa rula, bila fremu. Kisha hamishia kwenye laptopu picha ya mtu unayemfahamu, iliyopigwa mchana, weka simu pembeni ikiwa na picha hiyohiyo kwa mwanga ule ule, na ulinganishe mashavu na paji la uso. Inamisha kioo nyuma na mbele taratibu ukiangalia nywele. Zikigeuka kijivu, rudisha mashine hiyo rafuni na uombe inayofuata.