Pauni 18 kwa Nyumba: Waosha Madirisha wa Uingereza Wanavyopanga Bei

Mwosha madirisha aliyejiajiri nchini Uingereza hapewi muda mrefu wa kupiga hesabu. Mwenye nyumba amemwona akifanya kazi kwa jirani, amevuka barabara, na anataka kujua bei papo hapo. Katika nusu dakika ile jicho la fundi huizunguka nyumba nzima. Madirisha ni mangapi mbele, na nyuma mangapi? Geti la uani lina kufuli? Kuna chumba cha vioo kilichoongezwa upande wa bustani? Dirisha la bafu limekaa juu ya paa la jikoni, mahali ambapo ngazi haisimami vizuri? Akimaliza kukagua hutaja namba moja. Kwa nyumba pacha ya vyumba vitatu, namba hiyo inaweza kuwa pauni 18: nyumba nzima, nje tu, kila baada ya wiki nne.

Hakuna bei elekezi ya serikali katika kazi hii, wala bango la bei linalofanana mji hadi mji. Kila fundi ana hesabu yake, na ukiichimba utakuta kioo chenyewe kina nafasi ndogo ndani yake. Kinachouzwa ni saa. Fundi anayejua saa yake inaliwa na nini ndiye anayeweza kutaja bei ya chini bila kujiumiza, au ya juu bila kuona haya.

Hesabu huanzia mwisho wa mwaka na kurudi nyuma. Tuseme fundi anataka abakiwe na pauni 30,000 kabla ya kodi, na gharama zake za mwaka, yaani mafuta, matengenezo ya gari, bima, simu, vifaa na mhasibu, ni pauni 8,000. Anahitaji kuingiza 38,000. Mwaka una wiki 52, lakini si zote zake. Hana mwajiri wa kumlipa akiwa likizo au akiugua, kwa hiyo anaondoa wiki nne za mapumziko, mbili za maradhi, na nyingine mbili za dhoruba, theluji na barafu. Zinabaki 44. Akifanya kazi siku tano kwa wiki ana siku 220, na kila siku lazima ilete karibu pauni 173. Kwa siku ya saa sita za kazi, kila saa inadaiwa pauni 29 hivi.

Mtu wa nje akiisikia pauni 29 huona ni pesa nyingi, maana kuanzia Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kwa mwajiriwa wa miaka 21 na kuendelea kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Lakini aliyejiajiri halindwi na kima hicho, na zile saa za kuandika risiti, kujibu simu, kujaza maji na kutafuta wateja hazimo katika saa sita zilizohesabiwa. Kisha kuna kodi. Kwa viwango vya mwaka wa kodi wa 2025/26, pauni 12,570 za kwanza hazitozwi. Juu ya hapo anakatwa asilimia 20 ya kodi ya mapato na asilimia 6 ya bima ya taifa. Kwenye pauni 30,000 zake atatoa karibu 4,532 na kubaki na 25,468.

Sasa turudi mtaani, kwenye ile nyumba ya pauni 18. Tuseme kuiosha kunachukua dakika 20. Nyumba inayofuata ikiwa ukuta kwa ukuta, fundi anavuta mpira wa maji kwa dakika mbili na kuanza tena; kwa mwendo huo saa yake inaingiza karibu pauni 49. Nyumba inayofuata ikiwa mwendo wa dakika 15 kwa gari, bei ileile ya pauni 18 inampa karibu pauni 31 kwa saa. Bado amelifikia lengo lake, ila kwa kusugua. Lakini tazama upande wa pili: nyumba ya pauni 12 iliyobanana na wenzake inamwingizia karibu pauni 33 kwa saa. Nyumba ya bei nafuu imeishinda ya bei ghali, na vioo ni vilevile.

Dereva wa daladala hahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili, kwani anajua hasara iko kwenye kilomita anazokwenda na viti vitupu. Ndiyo maana fundi akipata mteja mmoja mtaani, jioni hurudi kubisha hodi kwa majirani wote. Wengine humpa jirani wa pili bei ya chini kidogo. Wengine hukataa kufanya hivyo, kwa sababu majirani huulizana bei, na yule wa kwanza akigundua anatozwa zaidi, fundi anaweza kuwapoteza wote wawili. Nyumba iliyo peke yake kijijini hupewa bei ya juu makusudi. Mwenye nyumba akikubali, safari imelipwa. Akikataa, hakuna aliyepoteza kitu.

Baada ya umbali huja mzunguko. Wengi huuza huduma ya kila wiki nne au kila wiki nane, na wiki nne si sawa na mwezi: mwaka wa kalenda una miezi 12, lakini una mizunguko 13 ya wiki nne. Nyumba ya pauni 18 kila wiki nne huleta pauni 234 kwa mwaka. Ileile kwa wiki nane, hata ikipandishwa hadi pauni 22, huleta 143 tu. Uchafu wa wiki nane ni mzito kidogo kuliko wa wiki nne, lakini si mara mbili. Nyongeza ya bei ni fidia ya nafasi ambayo ingejazwa na mteja wa mara kwa mara. Safari ya kwanza ina bei yake, mara nyingi moja na nusu au mara mbili ya bei ya kawaida, kwa sababu fremu na vizingiti vina utando wa buibui na kuvu wa miaka, na uchafu huo usipotolewa hutiririka juu ya kioo kilichokwisha kuoshwa. Anayetaka kuoshewa mara moja tu kwa ajili ya sherehe au kuuza nyumba hutozwa zaidi ya wote.

Ukivuka bahari hadi Marekani, kipimo chenyewe hubadilika. Huko mafundi wengi huhesabu vioo, kila kioo na bei yake, ndani na nje, na nyavu za wadudu huoshwa kwa malipo ya ziada. Madirisha mengi ya nyumba za Marekani yana nyavu ambazo lazima zitolewe, na wateja wengi huita fundi mara moja au mbili tu kwa mwaka. Kazi ya nyumba moja inaweza kula nusu siku na bili yake kufika mamia ya dola. Katika hali hiyo makadirio ya jicho ni hatari, na kuhesabu kunalipa. Mwingereza hana nyavu, huosha nje pekee, na anarudi wiki nne zijazo. Akikosea pauni moja leo ana mwaka mzima wa kurekebisha. Serikali ya Uingereza yenyewe iliwahi kuhesabu madirisha: kuanzia 1696 hadi 1851 nyumba zilitozwa kodi kwa idadi ya madirisha yake, na baadhi ya wenye nyumba waliyaziba kwa matofali ili kuikwepa.

Dar es Salaam au Mombasa biashara ya namna hii ingekwama kabla ya kufika kwenye bei. Dirisha la nyumba ya kawaida lina grili ya chuma na wavu wa mbu. Vioo vya luva hupanguswa kimoja kimoja kutoka ndani. Kazi hiyo huifanya mwenye nyumba au dada wa kazi, na gharama yake imezama ndani ya mshahara wa mwezi. Soko lililopo ni la minara ya ofisi iliyovikwa vioo, ambalo kampuni za usafi hulipata kwa mkataba na vijana wao wa kuning'inia kwa kamba.

Zana nazo zina mkono katika bei, kwa kuwa kila zana mpya hupunguza dakika. Mwaka 1936 Ettore Steccone, mhamiaji wa Kiitaliano aliyeishi Oakland, California, alipata hataza ya kipangusio chepesi cha shaba chenye ulimi mmoja wa mpira. Umbo lake halijabadilika sana hadi leo, na ndicho kinachotumika kwenye maduka ya barabara kuu, ambako dirisha la mbele huoshwa kila wiki kwa pauni chache na kumalizika kabla chai ya muuzaji haijapoa. Mabadiliko makubwa ya nyumbani yalikuja na mpini mrefu wa nyuzi za kaboni, wenye brashi na maji yanayopanda hadi kileleni. Kanuni za kazi za mahali pa juu zilipoanza kutumika Aprili 2005, hazikupiga marufuku ngazi, lakini zilimtaka anayeweza kuifanya kazi akiwa chini aifanye akiwa chini. Mpini ukashika soko.

Maji ya mpini huo hayafutwi. Huachwa yakauke yenyewe. Yakiwa na madini yataacha madoa meupe, hivyo huchujwa hadi kipimo kisome sifuri. Hapo jiografia inaingia kwenye bei. London na Kent hunywa maji magumu yaliyopita kwenye miamba ya chaki, na rezini ya kuchujia huisha haraka, kiasi kwamba fundi hulazimika kununua mtambo mkubwa zaidi wa kuchuja. Glasgow hunywa maji laini ya Loch Katrine tangu 1859, na rezini ya fundi wa huko hudumu. Tangi la lita 500 ndani ya gari lina uzito wa nusu tani, na uzito huo hulipwa kwa mafuta, breki na matairi.

Mpini umeleta tatizo moja la bei ambalo ngazi haikuwa nalo: mteja anaona kazi imekwisha kwa dakika 15 na kuhisi ameibiwa. Akilipa kwa saa, angedai punguzo kila fundi anapozidi kuwa hodari. Ndiyo maana wazoefu hutaja bei ya nyumba na hawataji bei ya saa hata wakibanwa. Mvua nayo ni chanzo cha mabishano. Maji yaliyochujwa hufanya kazi hata mvua ikinyesha, lakini wateja wengi hawaamini. Baadhi ya mafundi huahidi kurudi bure madoa yakionekana, na gharama ya ahadi hiyo wameshaitia ndani ya bei.

Nchini England hakuna leseni ya kuosha madirisha. Scotland, sheria ya 1982 inaziruhusu halmashauri kudai leseni. Penye mlango wazi huingia wengi, na kila majira ya kuchipua hutokea mtu mwenye ndoo na ngazi anayeosha nyumba nzima kwa pauni 8 au 10. Mafundi wa siku nyingi hulalamika kwamba anaharibu soko. Mara nyingi hana bima ya kumlipa mwenye nyumba kioo kikivunjika, hajaweka akiba ya kodi, wala hajahesabu wiki nane za mwaka ambazo hataingiza kitu. Upande wa juu wa soko kuna ukuta mwingine. Biashara ikipita mauzo ya pauni 90,000 ndani ya miezi 12, kiwango kilichoanza Aprili 2024, lazima isajiliwe VAT ya asilimia 20. Mwenye nyumba hawezi kuidai VAT hiyo irudishwe, kwa hiyo bei ikibaki 18, pauni 3 za kila nyumba zinakwenda serikalini. Wapo wanaoacha kuajiri mtu wa pili kwa sababu hiyo tu.

Kukusanya pesa kulikuwa kazi ya pili. Fundi alizunguka jioni nyumba kwa nyumba, nusu ya wateja hawapo, na saa hizo hakuna aliyezilipia. Sasa wengi hulipwa kwa benki, au kwa makato ya moja kwa moja kupitia kampuni kama GoCardless, iliyoanzishwa London mwaka 2011. Ada ndogo ya kila malipo ni nafuu kuliko jioni mbili za wiki. Anayebaki kuwa mzigo ni mteja wa "safari hii nipite". Akirukwa kila mara ya pili, amejipatia huduma ya wiki nane kwa bei ya wiki nne, na fundi makini humwandikia bei mpya au humfuta.

Kupandisha bei ndiko kunakowatisha wengi, ingawa hesabu yake si ngumu. Mwenye nyumba 100 za pauni 15 huingiza 1,500 kwa mzunguko. Akiongeza pauni 2 na wateja wanane wakaondoka, nyumba 92 za pauni 17 humpa 1,564. Ameongeza pauni 64 na kuokoa karibu saa tatu. Wajanja huanza na wateja wa mbali au wasumbufu, wale ambao kuondoka kwao kungeibana ruti badala ya kuitoboa.

Bei hizo hupimwa upya siku fundi anapostaafu na kuiuza ruti yake. Orodha ya wateja ina soko, na thamani yake hutajwa kama mapato ya mwezi yakizidishwa mara kadhaa. Mnunuzi huuliza nyumba ziko mitaa gani, zinalipa vipi, bei ilipandishwa lini. Ruti ya nyumba zilizobanana zinazolipa kwa benki hupata kizidisho kikubwa. Ile iliyotawanyika, yenye bei za miaka kumi iliyopita, hupata kidogo. Wateja hawa hawajasaini mkataba na mtu, kwa hiyo mnunuzi mwangalifu hutaka kuzunguka na muuzaji mzunguko mmoja kamili, na hubakiza sehemu ya malipo mpaka aone ni nyumba ngapi zimekubali kuendelea naye.