Je, Wajua? Mhariri Mmoja, Akaunti Nyingi

Je, wajua kwamba katika Wikipedia, kamusi elezo huru iliyoanzishwa mwaka 2001, kumiliki akaunti zaidi ya moja si kosa? Mhariri anaweza kuwa na akaunti ya pili anayoitumia kwenye kompyuta za umma ili kulinda nywila ya akaunti yake kuu, au akaunti ya roboti, yaani programu inayofanya masahihisho ya kujirudiarudia, mradi uhusiano wa akaunti hizo uwekwe wazi. Kinachokatazwa ni akaunti bandia, yaani zile ambazo mtu mmoja huzitumia kwa siri ili aonekane kuwa watu wengi, aunge mkono hoja zake mwenyewe mijadalani au akwepe adhabu ya kufungiwa. Wahariri wachache walioidhinishwa hupewa zana ya kukagua anwani za IP, ambazo ni namba za utambulisho wa muunganisho wa intaneti, kisha huzilinganisha na mienendo ya uhariri. Mwezi Agosti 2015, kufuatia uchunguzi wa aina hiyo, Wikipedia ya Kiingereza ilifungia akaunti 381 za kundi lililokuwa likitoza watu fedha ili kuchapisha na kulinda makala zao.