Dawa za uongo: na mashini yenyewe, sheria inaikamata namna gani?

Mutu akikutwa na makartoni ya dawa za uongo mu depo yake, kila mutu anaelewa kama ni kosa. Lakini akikutwa na mashini tu, bila hata kidonge kimoja? Ao na etiketi zenye jina la kiwanda cha India, pamoja na chupa tupu mia tano? Hapo ndipo maneno yanakuwa magumu, kwa OPJ, kwa parke, na hata kwa mwenye mali.

Kwa sisi wa Butembo na Beni, jambo hili si la mbali. Tukumbuke yaliyopata jirani zetu wa upande wa Ituri. Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, wagonjwa 1.029 walilazwa kwenye kituo kimoja cha afya, na 930 kati yao walikuwa na alama zilezile: shingo inapinda, uso unakakamaa, ulimi unatoka inje. Kwanza wanganga walifikiri ni meninjiti. Watu 11 walikufa. Vidonge vilipopimwa, vile vya manjano vilivyouzwa kama diazepam vilikutwa na haloperidol ndani, dawa ya wagonjwa wa akili. OMS ilitoa onyo mu 2015.

Hapo tuangalie vizuri. Haloperidol ni dawa ya kweli, inaponyesha watu. Uongo ulikuwa mu jina. Kwa hiyo tunaposema "vyombo vya kutengeneza dawa za uongo", tusifikiri tu ile mashini kubwa inayopiga unga na kutoa vidonge. Kuna chapa ya chuma inayoandika alama ya kiwanda juu ya kidonge. Kuna mashini ya kujaza kapsule, na ile ya kufunga plakete. Kuna imprimeri ya kawaida, inayotoa karatasi za arusi asubuhi na inaweza kutoa etiketi za dawa usiku. Na kuna chupa tupu ya hospitali, ambayo mutu anaosha na kujaza upya. Kwa kubadilisha tarehe ya dawa iliyoisha muda, hauhitaji kiwanda hata kidogo.

Sasa sheria. Kongo ina sheria ya kazi ya farmasi ya tarehe 15 Machi 1933, ya wakati wa Wabeleji, na sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 juu ya afya ya watu wote. Tangu dekreti ya Machi 2020, kazi ya kuchunga dawa iko mikononi mwa ACOREP. Lakini juu ya mashini yenyewe, silaha ya tribinali ni ya zamani zaidi: kifungu cha 14 cha kodi penali ya tarehe 30 Januari 1940. Kinasema kama vitu vilivyotumika kufanya kosa, ao vilivyotayarishwa juu ya kulifanya, vinanyanganywa. Na vitu vilivyotoka mu kosa vinanyanganywa pia.

Inaonekana nzuri, lakini ina matundu mawili. La kwanza: kile chombo kinapaswa kuwa mali ya yule aliyehukumiwa. Kama mashini ni ya kukodi, ao imeandikwa kwa jina la shemeji, avoka wake anaweza kuiomba irudi. La pili: unyanganyi huo unafuata hukumu. Lazima kwanza kuwe na kosa. Kifungu cha 4 kinaazibu hata jaribio, ila kinataka tendo la kuanza kosa lionekane wazi. Mashini iliyofunikwa na baché, bila unga, bila etiketi, itasemwa kuwa ni matayarisho tu. Na mwenyewe anaweza kujibu kama ni ya kutengeneza bonbon. Kwa kweli, mashini za namna hiyo zinatengeneza bonbon pia.

Wengine walifunga tundu hilo. Marekani, tangu 1965, ni kosa kuwa na chapa ya kuandika alama ya kiwanda cha mwingine juu ya dawa, hata kama haijapiga kidonge kimoja. Mapatano ya Medicrime, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2016, yanaomba inchi zilizoyakubali ziweze kukamata vyombo na vifaa vyote vilivyotumika mu kosa. Kwa mawazo yangu, njia ya chapa ndiyo ingetufaa zaidi: bonbon haihitaji alama ya kiwanda cha dawa.

Lakini kutunga sheria kali kwa haraka kuna hatari yake. Kenya ilitunga sheria juu ya bidhaa bandia mu 2008. Tarehe 20 Aprili 2012, tribinali kuu ya Nairobi ilisema maneno ya ile sheria yanachanganya dawa bandia na dawa jenerike, na yanaweza kuzuia wagonjwa wa sida kupata dawa zao. Jenerike si dawa ya uongo. Sehemu kubwa ya dawa zinazogawiwa na CADIMEBU hapa Butembo, ao ASRAMES kule Goma, ni jenerike.

Kwa sasa, OPJ akikuja kukamata vitu, sheria ya tarehe 6 Agosti 1959 inamulazimisha kuandika PV ya vile alivyokamata na kumuonyesha mwenye navyo asaini. Soma mbele ya kusaini: mashini ngapi, aina gani, chapa yenye jina gani. PV iliyoandikwa "mashini moja" tu haisaidii muzuzi, na haimulindi mwenye mali asiye na kosa. Kwa wenye imprimeri: mutu akileta kazi ya etiketi za dawa, muombe karatasi ya ruhusa ya ile dawa, na uweke kopi. Na mu vituo vya afya, chupa ikiisha, pasua etiketi na utoboe chupa mbele ya kuitupa.