Motari, usingizi hauzoeleki

Noeli na Bonane zikikaribia, wasomaji wa Bukavu huuliza lile lile: motari anayepeleka mizigo kuanzia alfajiri hadi usiku anywe nini asisinzie? Kreti za bia, mifuko ya mchele, keki ya harusi, vyote hupanda Kadutu na Bagira kwa pikipiki, mvua na matope juu, na jioni mwenye pikipiki anangoja hesabu yake.

Hakuna cha kunywa badala ya usingizi. Mwaka 1997 Dawson na Reid, watafiti wa Australia, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa wepesi wa mkono na jicho sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Hesabu mwenyewe: aliyeamka saa kumi alfajiri hufika hapo saa tatu usiku, hata kama hajagusa chupa.

Seli za ubongo zinapotumia nishati huacha adenosini, nayo hurundikana kadiri tunavyokesha, ikijishikiza kwenye vipokezi vyake na kutuletea usingizi. Kafeini inafanana nayo kiumbo, basi huwahi kiti na kukikalia bure. Adenosini haijaenda popote, iko mlangoni inaongezeka. Kahawa yetu ya Kivu, makasu na vile vinywaji vya kopo vya “nguvu” vyote vina kafeini, na vyote hukopesha tu. Baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini imeshatoka mwilini, na deni linadaiwa.

La ajabu zaidi liligunduliwa mwaka 2011 kwa panya waliokesheshwa. Baadhi ya seli za ubongo wao zilizima kwa kitambo kidogo huku panya mwenyewe yuko macho, anatembea. Zilipozima zile zinazoongoza mguu, alikosa kunyakua kipande cha sukari. Kwa hiyo motari anayeapa kwamba hakusinzia huenda hasemi uongo. Kwenye mteremko, kwa kilomita 40 kwa saa, sekunde nne za kupotewa ni mita 44 bila dereva.

“Mimi nimezoea,” wananiambia. Hujazoea! Utafiti wa mwaka 2003 uliwalaza watu saa sita kwa usiku 14 mfululizo. Mwishoni umakini wao ulikuwa kama wa aliyekesha usiku mzima au zaidi, nao wakidhani wamechoka kidogo tu. Maji baridi usoni na muziki wa kelele hudumu dakika chache. Na wale wanaotembeza tramadol kama “dawa ya kazi” waache kutuua: ni dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni. Inaficha uchovu wa mgongo, inaleta kusinzia, na ikizidi inaleta degedege.

La kufanya ni fupi. Kunywa kahawa, kisha lala papo hapo dakika 20. Utaamka ndipo kafeini inaanza kazi. Mchana kati ya saa nane na saa kumi usijilazimishe. Mzigo usizibe vioo. Kofia ifungwe kidevuni, maana hupunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Wenye pikipiki nao, msimu huu wakubali hesabu ndogo au waweke madereva wawili kwa pikipiki moja, mmoja asubuhi, mwingine jioni.